Watoro na Msamaha wa Barua

Maandishi yanayostahili kuhakikiwa si mashairi na hadithi peke yake. Pana barua za serikali, miswada ya sheria na hati za mapatano ambazo zimetawala maisha ya watu wengi kuliko diwani za washairi, na ambazo lugha yake aghalabu haipimwi na mtu ila wakili aliyelipwa kuipima. Barua moja ya namna hiyo iliandikwa tarehe 20 Julai 2007 na ofisi ya serikali ya Uingereza inayoshughulikia mambo ya Ayalandi ya Kaskazini, ikamfikia John Downey, mkazi wa Donegal katika Jamhuri ya Ayalandi. Ilikuwa fupi. Ilimwarifu kwamba hatakiwi na polisi wa Ayalandi ya Kaskazini, na kwamba, kwa kadiri polisi hao walivyofahamu, hapana jeshi jingine la polisi katika ufalme lililomtafuta. Haikutaja kosa. Haikutaja marehemu. Neno msamaha halikuwamo. Siku iliyotiwa juu yake ilitimiza miaka 25 kamili tangu bomu lilipolipuka katika bustani ya Hyde Park, London, likaua askari 4 waliokuwa juu ya farasi, na farasi 7 pamoja nao; na kwa ajili ya bomu hilo hilo polisi wa London walikuwa wakimtafuta Downey, ambaye mwenyewe alikana kuhusika nalo.

Ugomvi mkubwa ulizuka juu ya barua hii baadaye, lakini asili yake ni ya zamani zaidi. Tangu mwisho wa miaka ya 1960 hata 1998 Ayalandi ya Kaskazini iligawanyika baina ya watu waliotaka kubaki chini ya taji la Uingereza, wengi wao Waprotestanti, na watu waliotaka kuungana na Jamhuri, wengi wao Wakatoliki. Katika miaka hiyo waliuawa watu zaidi ya 3,500 katika nchi ambayo idadi ya watu wake haikufika milioni 2. Karibu sehemu 6 katika kila 10 za mauaji hayo zilitendwa na vikundi vya wanajamhuri, hasa IRA. Karibu 3 zilitendwa na vikundi vya silaha vya watiifu kwa Uingereza. Na iliyosalia ilitendwa na askari na polisi wa serikali. Hesabu hii yafaa iwekwe mbele mapema, kwa sababu kila upande katika ugomvi wa msamaha una desturi ya kusoma mstari mmoja wa hesabu na kuifumbia macho mistari mingine.

Watu waliokuwa wakitafutwa kwa makosa ya miaka hiyo, nao wakawa wamekimbilia ng'ambo ya mpaka au nchi za mbali, walipewa na Waingereza jina jepesi la mitaani, lenye maana ya watu walio mbioni. Mfasiri wa Kiswahili akitaka jina la kuwaita huingia katika shida yenye faida. Akisema "wakimbizi" amewatia katika kundi la watu waliokimbia vita bila kuvipigana, na hilo si kweli. Akisema "watoro" amechukua neno lenye historia yake. Katika pwani ya Afrika ya Mashariki ya karne ya 19 mtoro alikuwa mtumwa aliyemkimbia bwana wake, na watoro walijenga vijiji vyao nyuma ya Malindi na Mombasa wakavilinda kwa bunduki. Kwa bwana, mtoro alikuwa mwivi aliyejiiba mwenyewe. Kwa mtoro, mwivi alikuwa bwana. Hivyo ndivyo wanajamhuri wa Ayalandi walivyojitazama: watu waliokimbia sheria ya serikali ambayo hawakuikubali kuwa yao. Na hivyo ndivyo serikali isivyoweza kuwatazama, maana serikali ikikubali kwamba sheria yake haikuwa sheria imejifuta yenyewe. Neno "watoro" lina haki ya kutumika hapa kwa kuwa linabeba hukumu zote mbili bila kuamua. Lakini lina mpaka wake. Watu waliokufa sokoni na katika mikahawa kwa mabomu hawakuwa mabwana wa mtu yeyote, wala mtoro wa pwani hakujikomboa kwa kuwaua wapita njia.

Mapatano ya Belfast ya tarehe 10 Aprili 1998 yaliwakuta wapiganaji wa aina mbili. Wa kwanza walikuwa wamekamatwa, wamehukumiwa na wamefungwa. Kwa hawa mapatano yalisema waziwazi: wafungwa wa vikundi vilivyoshika usitishaji wa vita watafunguliwa katika muda wa miaka 2. Zaidi ya 400 walifunguliwa, na miongoni mwao walikuwamo watu waliohukumiwa vifungo vya maisha kwa mauaji ya watu wengi. Lilikuwa jambo chungu. Watu walikutana madukani na waliowaulia ndugu zao. Hata hivyo uchungu huo ulikuwa umeandikwa katika hati iliyopelekwa nyumbani kwa kila mpiga kura, na tarehe 22 Mei 1998 watu 71 katika kila 100 waliopiga kura katika Ayalandi ya Kaskazini waliikubali. Tena waliofunguliwa hawakufutiwa hatia. Walitoka kwa masharti, na aliyeyavunja aliweza kurudishwa gerezani. Jina la mfungwa, jina la aliyeuawa na hukumu ya mahakama vilibaki vimeandikwa pamoja.

Wa pili ni watoro. Juu yao mapatano yalinyamaza. Msomaji wa mashairi anajua kwamba mahali mshairi aliponyamaza huwa pana neno, na ukimya huu ulikuwa na maneno mengi. Mtoro ambaye angerudi, akashtakiwa kwa kosa la kabla ya siku ya mapatano na kuhukumiwa, asingekaa gerezani zaidi ya miaka 2. Kwa hesabu ya siku, basi, tofauti yake na mfungwa aliyefunguliwa ilikuwa ndogo, na chama cha Sinn Féin kiliuliza swali ambalo si rahisi kulipuuza: kwa nini mtu aliyekamatwa mwaka 1985 awe nyumbani kwake, na mwenzake aliyeponyoka asiweze kumzika mama yake? Mwaka 2000 waziri mkuu Tony Blair alimwahidi Gerry Adams, kiongozi wa chama hicho, kwamba jambo hilo litapatiwa njia. Septemba ya mwaka huo huo serikali ikatangaza kuacha kudai warudishwe wafungwa waliotoroka ambao vifungo vyao vingekuwa vimekwisha kwa hesabu mpya. Katika mazungumzo ya Weston Park, Julai 2001, serikali za London na Dublin zilikiri kwa pamoja kwamba kuwafuatia watoro wengine pia ni kinyume cha mwendo wa mambo. Ukimya wa mwaka 1998 ulianza kujazwa maneno, lakini maneno hayo yalisemwa katika vyumba ambavyo mpiga kura wa 1998 hakuvialikwa.

Mswada wa mwaka 2005 ulikuwa jaribio la kuyatoa maneno hayo nje. IRA ilitangaza mwisho wa vita vyake tarehe 28 Julai mwaka huo, na Septemba waangalizi wakathibitisha kwamba silaha zimeharibiwa. Tarehe 9 Novemba waziri Peter Hain alileta mswada wake katika Bunge la Westminster. Mpango wake ulikuwa hivi. Mtu mwenye kosa la kabla ya tarehe 10 Aprili 1998 angeomba hati kwa kamishna. Akiisha kuipata, kama ushahidi upo, kesi yake ingesikilizwa na mahakama maalumu ya jaji mmoja. Akipatikana na hatia angepewa hukumu, na papo hapo angeachiliwa kwa masharti bila kulala gerezani hata usiku mmoja. Mpaka hapo mswada ulifanana na mapatano ya 1998. Mahali ulipoachana nayo, na pia na akili ya kawaida ya binadamu, ni pale uliposema kwamba mshtakiwa hakulazimika kufika mahakamani.

Jambo hili linafaa kutazamwa kwa utulivu, kwa sababu wapinzani wa mswada walilitaja kwa hasira na watetezi wake kwa haraka. Mahakama isiyo na mshtakiwa ni tamthilia isiyo na mhusika. Wayunani wa kale, waliojua mambo ya tamthilia, walituachia mfano wa mtoro aliyesamehewa. Katika mchezo wa tatu wa mfululizo wa Orestes uliotungwa na Aeschylus na kuchezwa Athens mwaka 458 kabla ya Kristo, Orestes amemuua mama yake na anakimbizwa nchi kwa nchi na roho za kisasi. Anafika Athens. Mungu wa kike wa mji huo anaweka baraza la wananchi kuamua. Orestes anasimama mbele ya baraza na kukiri kwa kinywa chake kwamba aliua. Roho za kisasi, ambazo ndizo mawakili wa aliyekufa, zinamhoji. Kura zinapigwa na kuwa sawa sawa, na kwa usawa huo anaachiliwa. Mchezo haukomi hapo, na hapa ndipo ukubwa wa Aeschylus unapoonekana. Orestes anaondoka mapema na kusahauliwa na watazamaji. Sehemu ndefu iliyobaki ni ya kuzibembeleza roho za kisasi, kuzipa makao na heshima katika mji, kwa sababu mtunzi aliona kwamba kumwachilia muuaji ni kazi nyepesi kuliko kukaa na hasira ya waliouliwa.

Katika mswada wa 2005 hapana sehemu hiyo ya pili. Pana hati, pana kamishna, pana jaji na pana masharti. Ndugu wa marehemu wangeketi katika ukumbi, kama wangependa, na kutazama kiti kitupu. Wala hapana haja ya kwenda mpaka kwa Wayunani. Msomaji wa Kusadikika ya Shaaban Robert anamkumbuka Karama, ambaye nguvu yote ya kitabu hicho imo katika kusimama kwake mbele ya mfalme na mshitaki, siku baada ya siku, akijibu. Karama hakuwa na hatia, na hao waliotajwa hapa wengine walikuwa nayo; lakini kanuni ya baraza ni ile ile. Mtu anahukumiwa au anaachiliwa akiwa anaonekana. Kama wenye kuandika mswada wangetaka kifungo kiwe sifuri na bado wamlazimishe mwombaji kusimama saa moja mbele ya waliofiwa, yamkini wangepigwa vita na watoro wenyewe; lakini wangekuwa na hoja ya kuwajibu wengine.

Mswada haukuuawa na hoja hiyo peke yake. Ndani yake serikali ilikuwa imewaingiza pia askari na polisi waliotenda makosa katika miaka ile ile. Kwa serikali hii ilikuwa haki ya mizani: ukimsamehe aliyetega bomu, utamfunga vipi aliyepiga risasi kwa amri? Kwa chama cha SDLP, kilichowapinga wenye silaha wa pande zote tangu mwanzo, jambo hilo lilikuwa uovu juu ya uovu, na kiongozi wake Mark Durkan alilipinga tangu siku ya kwanza. Vyama vya watu wa umoja na Uingereza viliupinga mswada kwa sababu ya watoro. Mwishoni Sinn Féin wenyewe, ambao kwa ajili yao mswada uliletwa, waliukataa mwezi wa Desemba, kwa sababu ya askari. Hapana budi kukumbuka mji wa Derry, ambako tarehe 30 Januari 1972 askari wa miavuli waliwapiga risasi waandamanaji wakaua watu 13 siku ile, na wa 14 akafa baadaye. Chama kilichotembea na familia hizo kwa miaka zaidi ya 30 hakingeweza kuziambia kwamba waliowaulia watoto wao watapewa hati na kamishna. Tarehe 11 Januari 2006 Hain aliuondoa mswada. Hapakuwa na chama hata kimoja cha Ayalandi ya Kaskazini kilichobaki upande wake, na mpango wa Dublin wa kutumia mamlaka ya rais ya kusamehe ukawekwa kando vile vile.

Inafaa kutua hapa. Kuanguka kwa mswada huu kwasimuliwa kama aibu, na kwa waziri ilikuwa aibu. Kwa msomaji asiye na chama, lakini, hii ndiyo sura moja ya hadithi yote ambamo mambo yalikwenda kama inavyopasa. Msamaha ulipendekezwa mchana. Ulisomwa. Kila mtu aliona ndani yake mtu ambaye yeye hawezi kumsamehe, na kwa mara moja wapinzani wa miaka mingi walisimama upande mmoja wa mlango, kila mmoja akiwa na maiti wake.

Wakati mswada ulipokuwa ukisomwa na kukataliwa, barua zilikuwa zikiandikwa. Mpango wake ulikuwa umeanza mwaka 2000. Sinn Féin walipeleka majina. Polisi na waendesha mashtaka walichunguza kama mtu anatakiwa. Aliyeonekana hatakiwi alipelekewa barua ya kumwambia hivyo. Majina yalizidi 200 na barua zilizidi 180. Mpango haukuwa siri kabisa, maana ulitajwa hapa na pale katika maandishi ya serikali, ila ulitajwa kwa namna ambayo msomaji asiyeambiwa asingeuona. Wafiwa hawakuambiwa. Baada ya mswada kuanguka, kazi ya barua haikukoma. Ilipata nguvu mpya, na mwaka 2007 polisi walianza uchunguzi mpya wa majina yote. Downey alipata barua yake katika majira hayo.

Barua hizi zina ustadi wa lugha ambao mhakiki anaweza kuusifu na kuuogopa kwa pamoja. Hazikusema "umesamehewa", kwa sababu hapakuwa na sheria ya kusamehe. Zilisema "hutakiwi", neno ambalo kwa polisi ni habari ya leo tu, inayoweza kubadilika kesho ushahidi mpya ukitokea. Lakini mtu aliyekaa ugenini miaka 20 akingoja neno moja kutoka kwa serikali, akaletewa barua rasmi yenye neno hilo, hasomi kama polisi. Anasoma kama mtoro. Kiswahili kina maneno ya kutenganisha mambo haya: kuna kusamehe, ambako aliyekosewa hutoa kitu chake, kuna kuachilia, ambako mwenye nguvu hulegeza mkono, na kuna kutomtafuta mtu, ambako si wema wala ubaya, ni kazi iliyokoma. Barua ziliandikwa kwa maana ya tatu, zikatolewa kwa watu wa siasa kwa maana ya pili, zikapokewa kwa tumaini la maana ya kwanza. Mwenye kutoa msamaha wa kwanza, yaani aliyefiwa, hakuwamo katika anwani.

Tarehe 19 Mei 2013 Downey alikamatwa katika uwanja wa ndege wa Gatwick alipokuwa safarini kwenda mapumzikoni Ugiriki, nchi ya Orestes. Historia nayo ina mzaha wake. Alishtakiwa kwa mauaji ya Hyde Park. Mawakili wake wakatoa barua. Ikadhihirika kwamba maneno yake hayakuwa kweli hata siku yalipoandikwa: polisi wa London walikuwa wakimtafuta, polisi wa Ayalandi ya Kaskazini waliijua habari hiyo, na kosa halikusahihishwa. Februari 2014 jaji Sweeney, katika mahakama ya Old Bailey, alisimamisha kesi. Hakuamua kama Downey alitega bomu au hakutega. Aliamua kwamba serikali iliyompa mtu neno lake rasmi, na mtu akalitegemea, haiwezi kumshika kwa kulivunja. Katika sheria uamuzi huo una msingi imara, na mwenye kuulaumu atafakari nchi ambayo neno la serikali halifungi serikali. Ila matokeo yake yalikuwa kwamba makarani wachache, kwa uzembe, walitenda kwa aya moja jambo ambalo Bunge lilishindwa kulitenda kwa mswada mzima.

Ghadhabu ilikuwa kubwa. Peter Robinson, waziri wa kwanza wa Ayalandi ya Kaskazini, alitishia kujiuzulu, akisema kwamba hakuwahi kuambiwa. Jaji Hallett alipewa kazi ya kuchunguza, na ripoti yake ya Julai 2014 ilisema kwamba mpango haukuwa msamaha wa jumla, wala barua hazikumkinga mtu na ushahidi mpya, lakini uendeshaji wake ulikuwa na kasoro kubwa. Septemba mwaka huo waziri Theresa Villiers alitangaza kwamba barua hizo zisitegemewe tena na mtu. Tazama basi mwendo wa neno: lilitolewa bila kutangazwa mwaka 2000, na kuondolewa kwa tangazo mwaka 2014.

Watetezi wa mpango wana hoja, na uhakiki usioipa nafasi yake utakuwa hauna haki. Blair aliiambia kamati ya Bunge mwaka 2015 kwamba bila njia fulani ya kulimaliza jambo la watoro mwendo wa amani ungaliweza kuvunjika. Wapiganaji waliotakiwa kuharibu silaha zao walikuwa wakitazama kama wenzao watarudi nyumbani. Silaha ziliharibiwa, na vita havikurudi. Mtoto aliyezaliwa Belfast mwaka 1998 amekuwa mtu mzima bila kujua sauti ya bomu kama mama yake alivyoijua. Ukiweka barua 180 katika pima moja na maisha hayo katika pima nyingine, ni mtu mgumu atakayesema barua zilikuwa ghali. Udhaifu wa hoja hii ni kwamba inathibitisha haja ya kuwarudisha watoro, haithibitishi haja ya kuwarudisha kimya kimya. Wafungwa 400 na zaidi walifunguliwa hadharani, na amani haikufa kwa kufanywa hadharani. Yawezekana jambo la watoro lingepita katika hati ya 1998, likiwa chungu pamoja na machungu mengine, wakati watu walipokuwa na moyo wa kumeza. Waliongoja mpaka 2005 walikuta moyo huo umekwisha.

Waswahili husema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo, na methali hii hupendwa sana na wenye madaraka kila wanapotaka kufunga faili. Athens ilijaribu kuitenda mwaka 403 kabla ya Kristo. Baada ya utawala wa kikatili wa watu 30 kupinduliwa, wananchi waliapa kutokumbushana maovu. Neno la kimataifa la msamaha wa kisiasa lina asili ya Kiyunani yenye maana ya kusahau. Lakini kiapo kile kiliapwa hadharani na wale wale waliodhulumiwa, na wakuu wa udhalimu hawakuingizwa ndani yake isipokuwa kwa kukubali kwanza kutoa hesabu ya matendo yao. Kusahau kwa Waathene kulianza kwa kusema.

Ayalandi yenyewe ina mfano ulio karibu zaidi, na ni ajabu kwamba haukufuatwa. Mwaka 1999 serikali mbili ziliweka tume ya kutafuta miili ya watu waliotekwa, wakauawa na kuzikwa kwa siri na wanajamhuri. Orodha yao hatimaye ilifika majina 17. Sheria ilisema kwamba habari itakayotolewa kwa tume haitatumika mahakamani kumshitaki mtu. Huo ni msamaha wa sehemu, na waliosaidiwa nao bila shaka walikuwamo wauaji. Lakini msamaha huo ulikuwa na bei, na bei ilikuwa kuonyesha mahali. Katika vinamasi na misitu tume ilichimba mwaka baada ya mwaka, na miili mingi kati ya ile iliyotafutwa ilipatikana. Familia zilipata jeneza lenye kitu ndani. Barua za watoro hazikuomba chochote: wala ukweli, wala kaburi, wala jina.

Fundisho hilo halikupokewa. Mwaka 2023 serikali ya chama cha Conservative, ikiwa inawafikiria zaidi askari wazee kuliko watoro, ilipitisha sheria ya kutoa kinga kwa atakayesimulia aliyoyatenda mbele ya tume mpya, na kukomesha uchunguzi wa vifo na kesi za madai ya miaka ile. Kwa mara nyingine vyama vya Ayalandi ya Kaskazini, vya pande zote, viliikataa. Serikali ya Dublin ilipeleka shauri Strasbourg. Februari 2024 mahakama kuu ya Belfast iliamua kwamba kinga hiyo inapingana na haki za binadamu, na serikali ya Labour iliyoingia Julai mwaka huo iliahidi kuifuta sheria.

Katika yote yaliyofungwa na sheria ile, mlango mmoja unahusu barua iliyotajwa mwanzoni. Baada ya kesi ya jinai kusimamishwa mwaka 2014, binti wa mmoja wa askari waliouawa Hyde Park, aliyekuwa mtoto mdogo bomu lilipolipuka, alimfungulia Downey shauri la madai. Barua haikuwa na nguvu katika shauri la namna hiyo, kwa kuwa haikuandikwa na yeye. Desemba 2019 mahakama kuu ya London iliamua, kwa kipimo cha ushahidi cha mashauri ya madai, kwamba Downey alishiriki katika shambulio lile. Hakuna aliyefungwa kwa uamuzi huo. Downey hakufika mahakamani, na kiti chake kilikuwa kitupu. Lakini safari hii katika kiti cha upande wa pili alikuwamo mtu, na jina la baba yake lilisomwa.